Kona ya Upepo

Juzi nilikuwa narudi Tarime mjini nikitokea Sirari, nikaona turubai la harusi limefungwa kwenye mguu wa kiti cha plastiki. Sitanii. Kiti cha plastiki, na juu yake amekaa mjomba mmoja mnene, ndiye uzito wenyewe. Nikamwambia dereva asimame niteremke. Binti yangu niliyekuwa naye akanishika mkono, akasema, "Baba, wewe umestaafu. Waache watu waoe." Gari likaendelea. Njia nzima niligeuza shingo kutazama mawingu ya upande wa ziwani, nikimwombea yule mjomba asije akashikwa na haja.

Ndiyo maana naandika haya. Nawaandikia nyinyi vijana mnaokodisha maturubai na viti vya harusi na misiba, nyinyi mnaofunika mizigo juu ya malori, na wewe uliyenunua turubai la bluu gulioni ukadhani kulinunua ndiyo kulifunga. Mimi naitwa Wambura, mtu wa Nata kule Serengeti, ingawa maisha yangu ya kazi yameishia huku Tarime. Nimefunga maturubai tangu sijaota ndevu mpaka goti la kulia liliponikatalia kuchuchumaa. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekuona. Ukiikosea, wilaya nzima inajua jina lako na jina la baba yako, na watu wanalitaja hata sokoni.

Aliyenifundisha ni Ouma, utingo wa lori lililokuwa likibeba mahindi na maharage kati ya Mugumu na mpakani. Alikuwa Mjaluo mrefu, mkali, aliyekulia upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Siku yangu ya kwanza nilifunga turubai, nikarudi nyuma hatua chache kulitazama, nikatabasamu peke yangu. Ouma akaja, akaichezesha kamba kwa kidole kimoja.

"Sasa wewe, hii kamba ni ya kushika mzigo ama ni ya kuanika nguo?"

"Nimeikaza, bwana Ouma."

"Umeikaza na nini? Na maombi?"

Akaifungua yote mbele ya wapakiaji, nikaanza upya. Akanionyesha fundo la lori: unatengeneza kitanzi katikati ya kamba, unapitisha mkia wake kwenye ndoano ya bodi, unaurudisha ndani ya kitanzi, kisha unaning'inia kwa uzito wako wote. Akanionyesha pia kwamba maturubai yakiwa mawili unaanza kutandika la nyuma, halafu la mbele unalilaza juu yake, ili upepo wa mwendo ulibane badala ya kuliinua. Nilimchukia siku ile, nilimchukia kabisa. Lakini mpaka leo nikifunga chochote, hata godoro nyuma ya pikipiki, namsikia ananiuliza kuhusu maombi.

Baadaye nikapata kazi kwenye kambi moja ya watalii huko mbugani, ya mahema na vitanda vya mbao. Nilifika na ujuaji wangu wa lori: kaza, kaza, kaza. Kamba za pale zilikuwa za katani. Alasiri moja nilizikaza mpaka ukizigonga zinalia, mvua ikanyesha, na katani ikilowa hufupika na kuzidi kubana. Vigingi vikang'oka kimoja baada ya kingine. Tukamkuta mgeni mmoja amesimama kwenye nyasi na taulo kiunoni, kitanda chake kiko mvuani, anatuuliza kwa adabu kama hii nayo iko kwenye ratiba. Meneja hakuwa na adabu ya namna hiyo. Tangu siku hiyo nikiona wingu, kamba ya katani naiachia kidogo. Nailoni ni kinyume chake, ikilowa inalegea, kwa hiyo lazima uiendee mvuani ukaikaze tena. Ukizichanganya zote mbili kwenye turubai moja, upande mmoja utavuta na mwingine utaachia, na hapo usinipigie simu.

Mengine niyaseme kwa haraka kwa sababu najua mna haraka. Kigingi kiinamie nje, kichwa chake kilikimbie turubai, na usikiache kimechungulia juu nusu nzima kana kwamba kinasubiri kuitwa. Tundu la chuma la kupitishia kamba likichanika, usitoboe lingine kwa msumari. Chukua kokoto laini, likunje ndani ya kitambaa pale ukingoni, kaza kamba shingoni mwake, na pale hapatachanika tena. Kata vipande vya tyubu ya tairi uviunge kati ya kamba na kigingi, ili upepo ukipiga mpira unyooke na kurudi, badala ya kamba kukatika. Juu ya nguzo funga kitambaa au kipande cha ndala, maana ncha ya bomba hutoboa turubai kutoka ndani na wewe uko nje unalaumu upepo. Maji yakituama juu, yasukume kwa fimbo mapema, kabla hayajafanya tumbo. Na upepo ukizidi, watoe watu kwanza. Turubai la kukodi linanunulika tena.

Hilo la mwisho nilikuwa nikilisema kila siku, na vijana wangu walikuwa wameshalichoka. Kisha ikaja siku ya kijiji cha Nyakunguru, ambapo watu hawakuweza kutoka.

Ulikuwa msiba wa mzee Nyamhanga. Alikuwa mtu mwenye ng'ombe wengi na ndugu wengi, wengine wakiwa upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo nilipeleka turubai langu kubwa kuliko yote, lile la nguzo za mabomba ya chuma. Nilipofika na kupiga kigingi cha kwanza, nyundo iliruka na mkono wangu nao. Ardhi ya pale ni udongo mwembamba juu ya mwamba. Ukiwa kwenye ardhi kama hiyo unatafuta uzito: mapipa ya maji, au magunia ya udongo. Mapipa yote yalikuwa jikoni kwa wapishi, na udongo wenyewe ndio huo wa kukwangua.

Nyuma ya nyumba, kando ya zizi, nikaona viroba vya mawe. Vilikuwa vimepangwa vizuri, vimefungwa midomo kwa waya, na juu yake pametandikwa majani ya migomba. Nilitakiwa nishtuke hapo hapo. Huku kwetu hakuna anayefunika mawe ya kujengea. Lakini mwili wa marehemu ulikuwa njiani unakuja, na watu walikuwa wameanza kujaa uwanjani. Nikamwita kijana mmoja wa ukoo aliyekuwa amesimama karibu, jina lake Maroa, aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka Kenya.

"Kijana, viroba hivi ni vya nani?"

Akavitazama. "Hizo ni mawe tu, mzee. Si ubebe tu."

Mtu wa Nyakunguru au Nyangoto, huku kwenye machimbo, asingenijibu hivyo hata akiwa usingizini. Maroa hakujua, na mimi nikaamini kwa kuwa jibu lilinifaa. Tukavibeba. Vile vizito zaidi nikaviweka kwenye kona ya upepo, yaani kona inayotazama ziwani, ambako dhoruba zetu nyingi hutokea. Kona hiyo ndiyo hupigwa kwanza. Ikishika, nyingine zote unaweza kuzisaidia. Ikiachia, bomba la upande ule linanyanyuka na kuzunguka, na niliwahi kuliona bomba la namna hiyo likiangusha ukuta wa tofali za kuchoma. Nikaviunganisha viroba, nikapitisha kamba, nikaikaza kwa fundo la Ouma.

Jeneza likawekwa katikati. Wanaume wakakaa kwenye viti upande wa zizi, na kina mama wazee wakakaa chini kwenye mikeka, kuzunguka jeneza mpaka ile kona yangu. Kwenye kona yenyewe alikaa Mama Bhoke, mke wa mdogo wa marehemu. Alikuwa mama mzito wa mwili, mwenye mkongojo na maumivu ya mgongo, na alipoviona viroba alifurahi kupata mahali pa kuegemea. Nilimsalimia shikamoo ingawa tulikuwa karibu umri mmoja, kwa sababu alikuwa na sura ya mtu wa kusalimiwa hivyo. Akaitikia marahaba bila kusita.

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri nilipoona ng'ombe zizini wamegeuka wote, wameupa upande wa ziwa mgongo. Nikatoka nje ya turubai. Huko magharibi vumbi lilikuwa limesimama juu ya vilima, jekundu, na nyuma yake wingu jeusi limeshuka mpaka chini. Hapakuwa na upepo hata kidogo pale tuliposimama. Utulivu wa namna hiyo ndio unaonitoa jasho mpaka leo.

Nikamwendea mchungaji, nikamnong'oneza kwamba watu watoke. Alikuwa mtu mwelewa, akatangaza. Vijana wakatoka, wanaume wakatoka, kwaya ikaanza kukusanya vitabu vyake. Kina mama wazee hawakutoka. Mmoja akasema hawezi kumwacha marehemu peke yake aloweshwe na mvua. Wengine walitaka kutoka, ila mtu aliyekaa chini tangu asubuhi na magoti yake mabovu hanyanyuki kwa tangazo. Ni kumshika huku na huku, mmoja baada ya mwingine, kumpeleka nyumbani taratibu. Nikawatuma vijana wangu waanze kuwainua, na wengine waje wabebe jeneza. Nilihitaji muda kidogo tu, ile kona ishikilie mpaka mama wa mwisho atoke chini ya yale mabomba. Sikuwa naomba kitu kingine.

Hapo ndipo alipofika Matiko.

Matiko alikuwa mume wa Bhoke, maana yake yule mama aliyeegemea viroba alikuwa mama mkwe wake. Alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, kijana mwenye mabega mapana na macho mekundu ya vumbi. Viroba vile vilikuwa vyake. Alikuwa ameyatoa mawe yale chini ya duara, yaani shimo la machimbo, kiangazi kizima, akayaficha ukweni, mahali ambapo hakuna mwizi angefikiria kupekua, na siku hiyo zamu yake kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ilikuwa imefika. Alikuja kumzika mzee na kuchukua mawe yake. Alipopita nyuma ya nyumba akakuta majani ya migomba matupu.

"Nani amegusa mawe yangu?"

Hakupiga kelele. Alikuwa na panga mkononi. Akafuata kamba zangu kwa macho, kona baada ya kona, akiviona viroba vyake vimefungwa kwenye kazi ya mtu mwingine. Kimoja kilikuwa kimechanika ubavuni, vijiwe vinadondoka kwenye nyasi. Akaja moja kwa moja kwenye kona ya upepo, kisha akasimama ghafla kama aliyefika kwenye uzio.

Alikuwa amemwona aliyekaa pale. Nanyi mnaosoma mkiwa mbali na huku, nawaeleza: kwa Wakurya mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humtazami usoni, humshiki mkono, hukai naye mkeka mmoja. Ukikutana naye njiani unaingia vichakani apite. Ukivunja hilo ni faini ya mbuzi, ni vikao vya wazee, na ni aibu ya mkeo kwao. Matiko akageuka ubavu, akayaelekeza macho zizini, akaanza kuongea na mimi.

"Mzee, mwambie mama asogee. Nataka nikate kamba nichukue mawe yangu."

"Mawe ni yako," nikamwambia, "nimekosea, nitakuomba radhi mbele za watu. Lakini subiri hawa mama watoke."

"Gari la karasha linaondoka. Zamu ikinipita, mawe haya yataibiwa kabla sijapata nyingine. Kila mtu ameshayaona."

"Mura, kijana wangu, angalia kule."

Hakuangalia. "Mvua mimi nimeikuta na nitaiacha. Wewe hujui nimeyatoaje chini haya. Nimelala kifudifudi na maji yananifika kidevuni. Mwambie mama asogee."

Mama Bhoke alikuwa amesikia kila neno, maana alikuwa karibu kiasi cha kumgusa kwa mkongojo. Naye hakumjibu yeye. Akatazama upande wa jeneza, akaongea na mimi.

"Wambura, mwambie huyo mtu nimekaa."

"Mama anasema amekaa," nikasema.

"Nimesikia," akasema Matiko. "Mwambie mawe ni ya watoto wake. Ni ya wajukuu zake yeye mwenyewe."

"Mwambie na mimi najua ni ya nani. Mwambie pia kuna wenzangu chini ya hili turubai hawawezi kukimbia. Kama anataka kukata, akate nikiwa juu yake." Akaegemea mkongojo, akajiinua kwa taabu kutoka kwenye mkeka, akakaa juu ya viroba kwa uzito wake wote.

Siku nyingine watu wangecheka mpaka wakae chini. Siku ile hakuna aliyecheka. Matiko akazunguka kwa nje, upande ambao hangelazimika kumsogelea, akafika pale kamba inapokutana na bomba. Akainua panga. Nami nikaweka mkono wangu juu ya kamba.

Niliogopa sana. Nilikuwa nawaza mambo ya kipumbavu, kama vile nani atanifungia vifungo vya shati nikibaki na mkono mmoja. Nadhani Matiko angenisukuma tu na kukata. Sidhani kama angenikata. Lakini sitalijua hilo, kwa sababu upepo ulitangulia.

Haukuja kidogo kidogo. Turubai lilijaa kwa mara moja, likapanda, na mabomba yote yakanyanyuka pamoja. Upande wa zizi kamba zilikatika. Viti vya plastiki viliruka uwanjani, na vumbi likaingia machoni kiasi kwamba nilikuwa nasikia watu bila kuwaona. Wanaume walikuwa wamelibeba jeneza wanakimbilia nalo nyumbani. Chini ya turubai walikuwa wamebaki kina mama kadhaa, wengine wamelala kifudifudi kwenye mikeka wakilitaja jina la Yesu, na vijana wangu wanawavuta kwa mikono.

Kona ya upepo ilianza kutembea. Viroba vilikuwa vinaburuzika juu ya mwamba, na Mama Bhoke juu yake, amelikumbatia bomba kwa mikono miwili na mkongojo umemponyoka. Bomba lilikuwa linapanda, linashuka, linapanda. Nilijitupa kwenye kamba, ikaniunguza viganja. Uzito wetu wawili pamoja na mawe yote yale haukutosha. Niliona kabisa kwamba pigo lingine moja kama lile lingemnyanyua yule mama na bomba lake, na kwamba bomba lingekwenda kutua kwenye mikeka.

"Matiko!" nikapiga kelele. "Kaa! Kaa juu!"

Alikuwa amesimama palepale na panga lake. Alitazama viroba, akatazama mgongo wa mkwe wake, akatazama watu waliokuwa wamejibana barazani wakiangalia. Najua alichokuwa anakiwaza, maana hata mimi Mnata nilikiwaza: mbele ya ukoo mzima, kiroba kimoja, yeye na mama yake Bhoke.

Akalirusha panga mbali, kwenye nyasi. Akatugeuzia mgongo, akaja kinyumenyume, akipapasa nyuma kwa miguu, mpaka mgongo wake ulipogusana na mgongo wa mama mkwe. Akakaa. Barazani mwanamke mmoja alishika mdomo. Matiko akapeleka mikono nyuma ya kichwa, akaikamata kamba juu ya mikono yangu, akavuta, na viroba vikaacha kutembea.

Mvua ya mawe ikafuata. Tukashikilia, watu watatu, wawili kati yao hawatazamani. Barafu ilikuwa inatupiga vichwani, na kila pigo la upepo lilipokuja niliwasikia wote wawili wakiguna kwa pamoja. Mama Bhoke alikuwa anasema kitu kwa Kikurya, tena na tena, sijui alikuwa anasali au anamgombeza marehemu shemeji yake. Mama wa mwisho alitolewa chini ya turubai akiwa amebebwa mgongoni na Maroa, yule wa "si ubebe tu". Nilipoona mikeka mitupu nikawapigia vijana kelele washushe nguzo za upande wa mbali. Wakazilaza moja moja, upepo ukapata pa kutokea, na turubai likashuka taratibu mpaka likalala chini, limechanika katikati.

Hakuumia mtu. Nilikaa kwenye matope nikalia, na sikujificha.

Mvua ilipopungua nikagundua kwamba wale wawili bado wamekaa. Nilidhani wanapumzika. Kumbe walikuwa wamenaswa. Mama Bhoke hawezi kusimama bila mkongojo, na mkongojo ulikuwa umeangukia upande wa Matiko, karibu na mguu wake. Matiko hawezi kugeuka kumpa. Akisimama yeye kwanza, mama anaanguka chali kwa kukosa pa kuegemea. Wakati wa upepo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria heshima. Sasa upepo ulikuwa umeondoka, watu wote wako barazani, wanatazama, na wawili hao wamekaa mgongo kwa mgongo, maji yanawachuruzika, kila mmoja amekodoa upande wake. Matiko, aliyekuwa ameniinulia panga, alikuwa anaona aibu kama mtoto.

"Wambura," akasema Mama Bhoke, kwa sauti ileile ya chini. "Wewe si kazi yako ni kufunika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tufunike."

Nikamwita Maroa. Tukachukua pazia la ubavuni la lile turubai, lililokuwa limechanika likabaki kipande kirefu, tukalinyanyua, mmoja huku na mwingine kule, tukalishusha polepole katikati ya migongo yao. Maroa alitaka kuuliza, nikamwonya kwa macho. Chini ya pazia nikauona mguu wa Matiko ukiusukuma mkongojo, taratibu, mpaka ukatokea upande wa pili. Mama Bhoke akauokota. Akaegemea, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena, akasimama. Upepo mdogo uliobaki ulikuwa unalivuta pazia, na goti langu lilikuwa linauma, lakini hatukulishusha. Tulitembea nalo kando yake hatua kwa hatua, tukimkinga, mpaka alipofika mlangoni akaingia.

Nyuma yetu Matiko alikuwa amepiga magoti kwenye matope. Viroba vilikuwa vimepasuka, mawe yake yametawanyika uwanja mzima, naye alikuwa ameanza kuyaokota, moja moja, anayafuta kwenye shati.

Kutoka ndani ya nyumba tukamsikia mama mkwe wake. Safari hii alikuwa ameinua sauti, ili uwanja wote usikie.

"Mwiteni Bhoke alete nguo kavu. Mwambieni mume wake amelowa."

Hakutaja mbuzi wala vikao. Matiko akaacha kuokota.